Soda ya Kulalia

Baa yenye kelele haimtishi mtu. Unajua waliomo, unajua wanachokunywa, na ukivuta subira kidogo utajua hata wanachogombania. Baa ya pale kona, jirani na fundi viatu, ilikuwa kimya, na kimya chake kiliusumbua mtaa wetu kuliko spika yoyote iliyowahi kufungwa juu ya bati.

Ilifunguliwa asubuhi, saa ambazo watu wenye akili zao wanakwenda kazini. Ilifungwa jua likizama, wakati baa nyingine ndiyo kwanza zinafuta meza. Madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi. Wateja waliingia mmoja mmoja, vichwa chini, kama wanafunzi walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Walitoka baadaye sana bila kuyumba, bila kuimba na bila kunuka. Mlevi asiyeyumba ni mtu wa kuogopwa. Na wengine walitoka na alama shavuni, mistari iliyopindana, kama waliopigwa chapa.

Alama hiyo nusura ituvunjie nyumba.

Ni lazima kwanza nieleze kibaraza chetu, maana kila ukweli wa mtaa huu, kabla haujawa ukweli, hupita hapo ukatengenezwa nywele. Mama yangu ni msusi. Ana viti viwili vya plastiki, kigoda, kioo kilichomeguka pembe, redio, na saa ya mezani yenye kengele mbili kichwani, ambayo humwambia ni wakati gani wa kuosha dawa kabla haijamchubua mteja. Kuanzia asubuhi anasimama. Jioni anatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto na kuitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwazima.

Mteja wake wa kudumu ni jirani yetu Mama Redio. Jina hilo si langu, nimelikuta. Anashika mawimbi yote, ila waliomtengeneza walisahau kitufe cha kuzima.

"Mle ndani wanauza figo," Mama Redio alisema wiki ile niliyorudi. "Unaingia na mbili, unatoka na moja."

"Na alama ya shavuni?" akauliza mteja mwingine.

"Risiti."

Wiki hiyo sikuwa likizo. Shule yangu ya bweni iliniomba, kwa heshima zote, nikapumzike nyumbani kwa muda. Kuna mtu aliivalisha ile mifupa ya maabara gauni la kulalia la matroni, akaikalisha kwenye kiti cha matroni bwaloni wakati wa uji. Mtu huyo hajathibitishwa hadi leo. Mimi niliondolewa kwa kosa la kucheka kabla ya wengine.

Baba yangu ni mwoka mikate. Anafanya kazi usiku, anarudi asubuhi na unga masikioni. Kwa haki alipaswa kulala mchana. Lakini nyumba yetu ina vyumba viwili, na kitanda cha wazazi wangu kimeegemea ukuta wa mbao ambao upande wake wa pili ndiko anakoketi Mama Redio. Kwa hiyo nilipofika nilikuta Baba ana utaratibu mpya: anakunywa chai, anaoga, anavaa viatu, anatoka tena.

"Nimepata kibarua cha mchana," aliniambia. "Stoo ya nafaka."

Nikamsifu kwa bidii yake. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekuwa akimenya vitunguu tangu mwaka juzi.

Jioni ile alirudi na alama.

Mama aliiona. Alifuta mikono, akamshika kidevu, akaugeuzia uso wake dirishani, kama anavyowageuza wateja wake. Akapitisha kidole gumba juu ya mistari ile.

"Huu ni msuko," akasema.

"Ni gunia," Baba akajibu. "Nimeegemea gunia la mahindi."

"Gunia!" Mama alicheka kicheko kisicho na meno. "Msuko wa nyuzi tatu, mnene, umekazwa sana. Na aliyesuka ni wa mkono wa kushoto, tazama unavyolalia. Nimesuka vichwa tangu huyu binti hajazaliwa, leo unaniletea habari za gunia? Umelalia kichwa cha mtu, Baba Fulani."

Akimwita Baba Fulani ujue mambo yameharibika. Siku za kawaida humwita kwa jina langu, na jina langu linapoondolewa kwenye mazungumzo ya nyumba hii mimi hushikwa na baridi.

Baba akaenda zake kazini kukanda unga. Kesho yake asubuhi Mama Redio alileta habari iliyobakia: kwamba amemwona kwa macho yake mawili akiingia kwenye baa ya kimya, na kwamba hiyo stoo ya nafaka, mwenzangu, hata njia yake haijui. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kweli, kutoka mlangoni kwetu hadi pale kona.

Mama alimaliza kichwa alichokuwa anasuka. Alikimaliza vizuri, hadi ncha. Kisha akaingia ndani akafungasha begi la buluu, akaliweka nyuma ya mlango.

"Akirudi na alama nyingine," aliniambia, "mimi na wewe tunakwenda kwa mjomba wako."

"Mama, kwa mjomba kuna kuku sebuleni."

"Kuku hawalalii vichwa vya watu."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningemchekesha. Alikaa tu ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, vidole vimejikunja vyenyewe kama bado vimeshika nywele. "Nimechoka, mwanangu," akasema. "Hata kugombana siwezi. Nataka tu kwenda mahali nikae."

Hapo nilielewa kwamba hadi jioni ile ningekuwa ama na wazazi wawili ama na kuku.

Mpango wangu ulikuwa rahisi, kama mipango yote iliyowahi kunirudisha nyumbani. Ningeingia baa, nifiche saa ya Mama chini ya meza, niondoke nikasimame kwa fundi viatu. Kengele zingelia, waovu wangekurupuka mbio hadi barabarani, nami ningeona ni misuko ipi inayokimbia sambamba na baba yangu. Kisha ningezungumza na mwenye misuko hiyo, mwanamke kwa mwanamke.

Mchana ule ule, Mama akiwa uani anamwosha mteja kichwa, niliichukua saa, nikaitega, nikaifunika kwa khanga, nikaenda.

Mlango wa baa haukulia. Bawaba zake zilikuwa zimepakwa mafuta na kufungwa matambara. Ndani palikuwa na giza la ubaridi na harufu ya sabuni ya kufulia. Nyuma ya kaunta alikaa mama mmoja mnene, ana mvi pembeni, anasokota vipande vya shuka kuukuu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Punguza sauti, mwanangu." Alinong'ona bila kuinua macho. "Umefuata nini?"

"Soda."

"Ya kunywa au ya kulalia?"

Nikajua hilo ndilo neno lao la siri. Kwenye mambo ya siri anayesita ndiye anayekamatwa, kwa hiyo nilikaza uso kama mwanachama wa siku nyingi. "Ya kulalia."

Akanifungulia moja, akaniwekea kwenye meza ya karibu, na kando yake akaweka kitu kama mkeka mdogo, mnene kama mkate, uliosukwa kwa matambara. Macho yangu yakaanza kuzoea giza. Nikawaona.

Wote walikuwa wamelala kifudifudi mezani. *Figo*, nikawaza, na miguu yangu ikawaza kutoka. Kisha mmoja akakoroma. Alikuwa mlinzi wa duka la vyuma, kofia imemfunika jicho moja. Karibu yake palikuwa na nesi aliyevaa sare, viatu amevipakata mapajani kama mtoto. Mama mmoja ninayemjua, mwenye mapacha wanaolia kwa zamu, alikuwa ameachama kiasi kwamba inzi angeweza kuingia, kutembea na kutoka bila kupata tabu. Na kwenye meza ya pembeni, ubavuni mwa ukuta, alikuwa Baba. Shavu lake lilikuwa juu ya mkeka wa matambara. Hapakuwa na kichwa cha mtu. Unga ulikuwa bado sikioni.

Mimi niliyesoma bweni nilipaswa kuijua alama ile tangu siku ya kwanza. Kila kipindi cha kujisomea usiku, nusu ya darasa letu huamka na michirizi ya sweta kwenye paji la uso. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya mwalimu wa zamu nikimhakikishia nilikuwa macho, ilhali kifungo cha mkono wa shati kilikuwa kimechapwa kwenye pua yangu, matundu manne yakionekana. Elimu ninayo. Sikuitumia.

Hapo ndipo nilipoisikia saa, tiki tiki, kwapani mwangu.

Sikumbuki nilivyofika kaunta. Nakumbuka ndoo ya maji ya barafu yenye chupa, na mkono wangu ukizama hadi kiwiko, na kengele zikilia humo chini kama chura mwenye mafua, kisha zikinyamaza. Mguu wa nesi ulitikisika. Hakuamka mtu.

Mwenye baa aliitazama ndoo, kisha akanitazama mimi.

"Saa ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Pole yake."

Akanisogezea kigoda. Nilikaa, mkono ukichuruzika, na kwa mara ya kwanza maishani nikaongea kwa kunong'ona bila kulazimishwa. Nilimwambia mtaa unavyosema. Mengi alikuwa ameshayasikia; la risiti lilimchekesha hadi akalazimika kujiziba mdomo kwa shuka.

"Zamani nilikuwa na spika kubwa kuliko friji," aliniambia. "Siku moja umeme ukakatika mchana. Wateja wawili wakalala hapo hapo mezani. Nikawatazama, nikaona kumbe hiki ndicho walichokuwa wanakitafuta chupani siku zote. Umeme uliporudi, sikuwasha."

"Kwa nini husemi? Watu wangeacha kukusengenya."

"Nikisema watakuja kutazama. Na watu wakitazama, mwanangu, wanaongea."

Baba alipoamshwa, aliamshwa kwa chupa baridi iliyogusishwa kwenye kiganja, ndivyo wanavyoamshwa wote. Aliniona, akafumba macho, akafumbua tena kuhakikisha kwamba hanioti.

"Baba, mwambie Mama."

"Nilimwambia," akanong'ona. "Wewe ulikuwa shule. Akahamishia wateja uani, karibu na choo. Wateja wakahama moja kwa moja. Akawa anakaa kibarazani peke yake, amekunja mikono, redio amezima, ili mimi nilale." Akajipangusa uso. "Unadhani nililala? Nilikuwa nausikia ukimya wake ukutani. Mama yako akinyamaza, na sufuria inanyamaza."

"Sasa anadhani una mwanamke."

"Mwanamume akisingiziwa mwanamke, mtaa unashangaa amempata vipi. Akisema amechoka, mtaa unamcheka. Acha anikasirikie mimi, asiikasirikie kazi yake."

"Ameshafungasha, Baba. Begi liko nyuma ya mlango. Leo jioni tunaondoka."

Alikuwa hajui. Niliona neno lile likisafiri ndani yake polepole, likipita kwenye uchovu wote ule kama mtu anayetembea kwenye matope. "Leo," akasema. "Leo nikirudi nitamwambia kila..." Kichwa kikashuka. Shavu likarudi kwenye mkeka wake. Akalala katikati ya ahadi.

Niliiona jioni yetu waziwazi. Angerudi na alama nyingine, Mama angenyanyua begi, naye angesimama mlangoni akitafuta sentensi iliyomponyoka usingizini. Nikachukua maiti ya saa nikaenda nyumbani.

Nilimkuta Mama katikati ya msiba mdogo. Kichwa cha Mama Redio kilikuwa cheupe kwa dawa, naye anajipepea kwa vifuniko viwili vya sufuria.

"Shoga, inawaka!"

"Vumilia, naangalia saa iko wapi. Tangu nikupake wimbo umepita wa ngapi?"

"Sijahesabu nyimbo, nahesabu dhambi zangu!"

Nikasimama mbele yao, nikaitoa saa. Ilitoa maji puani.

"Umeipata wapi hiyo?" Mama akauliza.

"Baa ya kimya," nikasema. "Baba yupo. Nenda ukamwone mwenyewe, Mama, sasa hivi, kabla hajaamka."

"Kabla hajaamka!" Mama Redio aliruka. "Yaani amelala! Amelala na nani?"

Mama alichomeka chanuo kwenye nywele zake, kama askari anavyochomeka kisu. Akavaa ndala. Mama Redio naye akatafuta za kwake, na sijui ingekuwaje kama dawa isingechagua dakika ile kuonyesha uwezo wake wote. Alipiga yowe.

"Bombani!" Mama akamwamuru. "Jioshe, usiache hata tone, utabaki kipara."

"Nisubiri, shoga! Macho yangu! Nisubirini jamani!"

Hatukumsubiri. Nyuma yetu bomba lilikuwa linapiga kelele na yeye analishinda.

Mama alitangulia njiani. Alitembea haraka kwa miguu ile iliyovimba, na alipofika mlangoni akausukuma kwa kiganja chote, kama mtu aliyekuja kuvunja. Mlango ukafunguka bila sauti. Nadhani hilo ndilo lililompunguza kasi. Hasira inahitaji mlango unaolia.

Alisimama akiwatazama. Mlinzi. Nesi na viatu vyake. Mama wa mapacha, ambaye Mama alimsuka mwezi ule na ambaye alisinzia kwenye kiti mara tatu kabla hajamalizwa kusukwa. Kisha Baba. Akamwendea, akainama, nikaona mkono wake ukinyooka. Nikadhani anamzaba kofi. Alishika ncha ya mkeka iliyojitokeza chini ya shavu, akaipapasa kwa kidole gumba.

Nyuzi tatu. Mnene. Umekazwa sana.

Akageuka kuitazama kaunta. Mwenye baa alikuwa anasuka mwingine, kwa mkono wa kushoto.

"Umesuka wewe?" Mama akanong'ona.

"Mimi."

"Unakaza mno. Utawaumiza."

"Sikufundishwa. Nilijianzia tu."

Mama akavuta kiti, akaketi karibu na Baba. Alichukua mkeka uliokuwa mtupu mezani, akaufumua ncha, akaanza kuusuka upya, kwa kulegeza, kama anavyowasuka watoto. Hakumwamsha. Baada ya kitambo akauliza, bila kuniangalia: "Alikwambia kwa nini hakuniambia?"

Nikamwambia kuhusu ukimya ukutani. Nikamwambia na la sufuria.

Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea.

"Mjinga," akasema, kwa sauti ambayo ningependa siku moja mtu aniitie mjinga kwayo.

Mwenye baa alimletea chupa, akainama sikioni kwake. "Ya kunywa au ya kulalia?"

"Ya kunywa," Mama akajibu. "Mimi nina kazi, nimeacha mteja bombani."

Alikunywa funda moja. Akasuka kidogo. Mkono ukawa mzito, ukatulia. Akauweka mkeka mezani ili aupime upana, akauegemeza shavu ili apime ulaini, na hapo ndipo kipimo kilipoishia. Nilikaa kwenye kigoda changu nikiwatazama wazazi wangu wakilala wakati mmoja mahali pamoja, jambo ambalo nyumbani kwetu sikumbuki kuliona. Nilikuwa na soda tatu za kutikisa, na ndoo ya barafu, na watu wote wale wakiwa wameachama. Sikufanya lolote. Naomba liandikwe mahali.

Mama aliamka kabla ya Baba. Akaunyanyua uso wa Baba taratibu, akauchomoa mkeka uliokazwa, akauingiza ule wake. Baba akaguna, akaendelea.

"Usimwamshe," aliniambia. "Twende."

Mama Redio alikuwa anatusubiri kibarazani, kichwa kimefungwa taulo, macho mekundu, anatoa mvuke.

"Haya! Mmeingia, mmeona. Kuna nini? Nimtafute mwenyekiti wa mtaa? Ni figo?"

Mama alimtazama. Nilimwona akipima. Ukimwambia Mama Redio ukweli, hadi kesho adhuhuri mtaa mzima utakuwa mle ndani unashangaa jinsi palivyo kimya.

"Mimi sina lugha ya kueleza," Mama akasema. "Mwulize huyu. Ndiye niliyemsomesha."

Wasomaji, kuna siku moja katika maisha ambapo kipaji kinakutana na wajibu. Nilikaa. Nilishusha sauti. Nikamwambia Mama Redio kwamba si figo, afadhali zingekuwa figo. Kwamba mle ndani kuna chatu, mnene kama gunia, amejiviringisha juu ya kaunta. Kwamba hapendi sauti, ndiyo maana hawaongei. Mwenye sauti ndogo humwacha, mwenye sauti kubwa humkumbuka, akamfuata hadi kwake.

Mama Redio alishika koo.

"Na sauti kubwa," akauliza kwa mnong'ono ambao sikujua anao, "ni kama ipi?"

"Sijui, shangazi. Kama yako hivi."

Kisha akamtazama Mama vizuri. "Shoga. Na hiyo shavuni?"

Mama akajigusa. Mistari mitatu mitatu, milegevu.

"Alinipitia," Mama akasema.

Mama Redio aliondoka na taulo letu. Mama aliingia ndani, akalichukua begi la buluu, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Hakulifungua, maana kufungua kungehitaji kukunja upya nguo zote, naye alikuwa na kichwa kingine cha kusuka.

Jua lilipozama Baba alirudi. Alisimama mlangoni, na nilijua kwamba njia nzima amekuwa akiipanga ile sentensi. Alitazama nyuma ya mlango, mahali pa begi. Palikuwa patupu. Akamtazama Mama, aliyekuwa amekaa na miguu beseni, na taa ikawa imempiga upande wa shavu.

"Umefanya nini hapo usoni?" akauliza.

Mama akasogeza beseni kidogo, akampa nafasi ya kukaa.

"Nami nimepata kibarua," akasema. "Stoo ya nafaka."